Tyuna ya Zamani si Skrepa



Mwaka 2024 stoo ya karakana yetu ya shamba la chai ilisafishwa. Vitu vyote visivyotumika vilitolewa nje, vikapangwa kwenye mizani ya mnunuzi wa skrepa: vyuma vya trekta, mota zilizoungua, vipande vya mabati. Katika rundo lile niliona kisanduku cha chuma chenye vishikio viwili vya kuzungusha na swichi moja mbele. Nilikifahamu. Nikakitoa kwenye mizani kwa mikono yangu, nikamwomba karani wa stoo akiandike kuwa ni chombo kizima cha karakana. Baadhi ya wenzangu walicheka. Walisema mtu wa chama amekosa kazi, sasa anatetea mabati. Leo nataka kuwajibu mbele yenu nyote.

Kisanduku kile ni tyuna ya antena, aina ya Johnson Matchbox, iliyotengenezwa Marekani kwa ajili ya redio ya ridhaa. Redio ya ridhaa si redio ya muziki na taarifa ya habari. Ni mtambo wa kusema na kusikiliza, kama redio koli, ambao mtu mwenye leseni huutumia kuzungumza na wenzake wa mbali kwa masafa mafupi, bila kulipwa ujira. Hapa Uganda jina la mwenye leseni hewani huanza na 5X. Jirani zetu wa Kenya huanza na 5Z, na wa Tanzania 5H. Fundi wetu wa umeme, mzee ambaye sasa ni marehemu, alikuwa na leseni hiyo. Tyuna aliachiwa na mhandisi Mmarekani aliyewahi kufanya kazi kiwandani. Jioni baada ya saa za kazi mzee alikaa nyuma ya karakana akizungumza na watu wa nchi za mbali, na mimi nilikuwa kijana wa kumshikia taa.

Kwanza nieleze kazi ya chombo hiki. Kila mmoja wetu aliyefanya kazi kiwandani anaijua puli na mkanda wake. Mota inapenda mwendo wake, na mashine inayozungushwa inapenda mwendo wake. Ukizifunga pamoja bila puli ya kipimo kinachofaa, mota itaungua au mashine itasimama. Redio na antena ni hivyo hivyo. Mitambo mingi ya transista imetengenezwa ili ikutane na mzigo wa omu 50. Waya ulio juu ya miti nao una tabia yake, na tabia hiyo hubadilika kila ubadilishapo masafa. Waya wa mita 20 uliokatwa katikati unafaa sana kwa megahezi 7.1, lakini ukienda megahezi 14.2 unakuwa kama waya mwingine kabisa. Vitu hivi visipolingana, sehemu ya nguvu hurudi kutoka kwenye antena, na mtambo hujipunguza nguvu wenyewe ili usiungue. Tyuna hukaa katikati, ikavilinganisha.

Ndani yake hakuna uchawi. Kuna koili ya waya mnene. Kuna kapasita, nazo ni bamba nyembamba za chuma zinazoingiliana bila kugusana, katikati yake ni hewa tu. Kuna swichi ya kuchagua masafa, kuanzia mita 80 hadi mita 10. Vishikio viwili vya mbele huzungusha zile bamba. Basi. Mtu aliyeishia darasa la saba, kama mimi, akifungua kifuniko anaona kila kitu kwa macho yake, na anaweza kufuata njia ya umeme kwa kidole, mtambo ukiwa umezimwa.

Kuitumia kulikuwa na utaratibu, na mzee hakuruhusu hatua moja irukwe. Kwanza unasikiliza, ili usimkanyage mtu anayezungumza. Pili, unazungusha vishikio polepole mpaka mvumo wa hewani uwe mkubwa kuliko yote, hapo umekaribia. Tatu, unatoa nguvu ndogo, wati 10 hivi, ukiangalia mshale wa mita. Unazungusha kishikio kimoja kidogo, halafu cha pili kidogo, kisha unarudi kwa kile cha kwanza, mpaka nguvu inayorudi iwe karibu na sufuri. Nne, unaandika namba za vishikio kwenye daftari. Ndipo unaongeza nguvu. Kesho yake, waya ukiwa ni ule ule, unafungua daftari, unaweka namba zile zile, na kazi imekwisha kwa nusu dakika.

Sasa nikiri kosa langu. Jioni moja mzee alikuwa akisema hewani kwa nguvu zote, nami kwa kiherehere nikazungusha swichi ya masafa. Tulisikia mlio kama wa chumvi iliyotupwa motoni, na moshi mdogo ukatoka. Meno ya swichi yaliungua yakawa meusi. Nilidhani nimeharibu mali isiyolipika. Mzee alizima mtambo, akafungua kifuniko, akasafisha meno yale kwa spiriti na kitambaa, akanyosha moja lililopinda kwa koleo ndogo. Saa moja baadaye tulikuwa hewani tena. Hakuniita mjinga. Aliniambia tu kwamba mdomo wa redio ufungwe kwanza, ndipo mkono uzunguke. Tangu siku ile sijasahau.

Ndugu zangu, hapo ndipo ilipo hoja yangu. Chombo kile kilivumilia kosa la mwanafunzi, kikamfundisha, kisha kikapona kwa koleo na kitambaa.

Wako wanaosema siku hizi kuna tyuna zinazojilinganisha zenyewe. Ni kweli, na sina ugomvi nazo. Ndani yake kuna relei ndogo na kompyuta ndogo. Unabonyeza mara moja, inapiga tak-tak-tak, na mara imemaliza. Kwa mtu mwenye haraka, au asiyeona, hilo ni jambo zuri. Lakini ikiharibika porini kwetu, fundi wa kawaida atafanya nini? Hana ramani yake, hana kipuri chake. Ataitupa. Na hata ikiwa nzima, haimfundishi kijana kwa nini waya huu umekubali na ule umekataa. Anajua kubonyeza tu.

Wengine wanasema tutanunua nyingine. Tuangalie habari za viwanda vyenyewe. Kampuni ya E. F. Johnson ya Waseca, Minnesota, iliyoanza mwaka 1923, ndiyo iliyotengeneza hizi Matchbox. Moja ya wati 275 kama yetu, na nyingine kubwa ya kilowati. Uzalishaji wake ulikwisha zamani. Heath Company ya Benton Harbor, Michigan, iliuza tyuna na mitambo mingine kwa vipande pamoja na kitabu, mnunuzi akalehemu mwenyewe hatua kwa hatua. Biashara hiyo ya vipande iliachwa mwaka 1992. MFJ ya Starkville, Mississippi, iliyoanzishwa mwaka 1972 na kusambaza tyuna duniani kote, ilisimamisha utengenezaji wake huko mwezi wa Mei 2024. Waliofunga zile skrubu na kuzungusha zile koili walikuwa wafanyakazi kama sisi. Kazi ya mikono yao bado inafanya kazi hali viwanda vyao vimenyamaza. Kuiuza kwa kilo ni kutoiheshimu kazi.

Lakini tusikitukuze chombo kupita kiasi, maana uongo hausaidii mtu. Tyuna haitengenezi antena mbovu. Puli nzuri haikitii makali kisu kibutu. Ukifunga tyuna karibu na mtambo, mtambo unaridhika, lakini yale yaliyo kati ya tyuna na antena yamebaki vile vile. Ukitumia waya mrefu wa kebo mbaya, nguvu zako zitapotelea ndani ya kebo, na mita itakuonyesha mambo ni mazuri. Ndiyo maana mzee alitumia nyaya mbili zinazokwenda sambamba, zimetenganishwa kwa vipande vya plastiki, mpaka kwenye antena ya mita 40 iliyofungwa kati ya mikaratusi miwili. Nyaya za namna hiyo hupoteza nguvu kidogo sana, na Matchbox ilitengenezwa ikubaliane nazo.

Pia kuna hatari. Mtambo ukiwa unarusha, ndani ya kisanduku mna volti nyingi zinazoweza kukuunguza kidole mpaka nyama. Kifuniko kisifunguliwe wakati huo hata kidogo. Na sisi tunaoishi karibu na ziwa twajua radi zetu: wingu likiwa jeusi, antena ikatwe kwenye mtambo na itupwe nje. Na asirushe mtu sauti hewani bila leseni ya Tume ya Mawasiliano. Kusikiliza na kujifunza ufundi ni jambo moja. Kurusha ni jambo lenye sheria yake.

Jambo la mwisho linaniuma. Daftari la mzee halikuonekana. Mle mlikuwa na namba zote za vishikio, kwa kila masafa, pamoja na maelezo ya jinsi alivyotengeneza kila kilichoharibika. Niliuliza watu wa kampini, nikaambiwa karatasi za stoo ziligawanywa kuwashia majiko. Kisanduku tumekiokoa, lakini elimu ya miaka mingi ilichemsha chai ya siku moja. Kosa hilo ni letu sote, na langu mimi zaidi, maana nilikuwepo wakati mzee akiandika, na sikunakili hata ukurasa mmoja.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Kila karakana iliyo na chombo cha namna hii, kiwe tyuna au kingine, kabla hakijapandishwa mizani aulizwe fundi mzee aliyekitumia. Vijana wa umeme wapewe kukifungua, kukisafisha na kukirudishia. Na yeyote ajuaye jambo aliandike, nakala mbili, moja ikae kwake na moja karakanani.

Matchbox yetu sasa iko juu ya meza ya fundi. Vijana wawili wameifuta vumbi, na wameanza daftari jipya. Ukurasa wa kwanza una mstari mmoja tu: mdomo wa redio ufungwe kwanza, ndipo mkono uzunguke.

Ni mimi ndugu yenu katika kazi.