Bifu ya madevelopa iko juu kabisa, lakini ni duka lako la mtandaoni linaweza kuumia

Msee anayeuza viatu Insta akianza kuomoka, kitu ya kwanza anataka ni tovuti yake. Amechoka na watu wa "bei inbox" wanaouliza halafu wanapotea. Anatafuta fundi, wanaelewana doh, na baada ya wiki moja au mbili duka liko hewani: picha, kikapu, M-Pesa, kila kitu. Mara nyingi huyo fundi hajaandika msimbo mwingi. Amechukua WordPress, akaongeza WooCommerce, zote za bure, kisha akabandika plagini ya M-Pesa hapo juu. Hakuna ubaya. Hata maduka mob ya ng'ambo yamejengwa hivyo hivyo.

Shida ni baada ya hapo. Fundi ashalipwa, ameenda kazi ingine. Nani anaangalia hiyo mashine?

Wengi hawajui kwamba WooCommerce iko na mizizi huku Afrika. Kampuni ya WooThemes ilianzishwa 2008 na wasee watatu, wawili wa Afrika Kusini na mmoja wa Norway. 2011 walikuwa wanataka programu ya duka, wakaangukia Jigoshop, iliyokuwa ya kampuni ndogo ya Uingereza. Walichukua msimbo wake, wakaajiri pia madevelopa wawili waliokuwa wanaujenga, Mike Jolley na James Koster, na Septemba mwaka huo wakatoa tawi lao kwa jina WooCommerce. Kwa leseni ya GPL hiyo ni halali kabisa: msimbo uko wazi, mtu yeyote anaweza kuuchukua na kuubadilisha. Kama ilikuwa uungwana, hiyo ni debate ingine. Jigoshop ilififia. Lakini angalia kitu kilichohama: si msimbo tu, ni watu waliouelewa. 2015 Automattic, kampuni ya Matt Mullenweg wa WordPress, ikanunua WooThemes yote.

Hiyo ndiyo raha na hatari ya vitu vya bure. Hulipii programu, lakini unategemea watu ambao hamjawahi kuonana.

Wakati mwingine hao watu wanakuokoa na hujui hata. Julai 2021 mtafiti wa usalama aligundua tundu kubwa kwa WooCommerce, lile la kumwezesha mwizi kuchokora hifadhidata ya duka. Timu ilitengeneza kiraka cha matoleo zaidi ya 90, ya zamani na mapya, na maduka mengi yakaapdetiwa yenyewe. Kuna mwenye duka alikuwa analala tu wakati huo.

Wakati mwingine wanaenda. Magento ilikuwa mfalme wa maduka makubwa tangu 2008, na Adobe wakainunua 2018 kwa dola bilioni 1.68. Tarehe 30 Juni 2020 wakafunga rasmi msaada wa Magento 1. Notisi ilikuwa imetolewa mapema sana, lakini kuhama ilikuwa ghali, so maduka mob yakabaki pale. Septemba hiyo hiyo, ndani ya wikendi moja, karibu maduka 2,000 yakavamiwa na kuwekewa msimbo wa kuiba namba za kadi wakati mteja analipa. Mengi yalikuwa ya Magento 1. Lakini kuna mbogi ya madevelopa ilikataa kuiacha ife: mradi wa OpenMage bado ulikuwa unaitolea viraka. Kampuni ilitoka, jamii ikabaki. Waliosoma habari walihamia huko.

Sasa hiyo bifu. Septemba 2024 Mullenweg aliwakia WP Engine, kampuni kubwa ya kuhifadhi tovuti, akidai wanatengeneza chapaa kwa mgongo wa WordPress bila kurudisha ya kutosha, na pia kuhusu matumizi ya jina. Tarehe 25 akawafungia seva za WordPress.org, kule apdeti hutoka. Oktoba plagini yao maarufu, ACF, ikachukuliwa na kupewa jina lingine kwa ile saraka rasmi. Desemba mahakama ya Marekani ikaamuru WP Engine warudishiwe njia yao.

Maoni yangu? Hoja ya kuchangia ina uzito. Kampuni inayokula bila kupika inachokesha wanaopika. Lakini aliyeumia wiki hiyo hakuwa bosi wa WP Engine. Ni mwenye duka aliyebonyeza apdeti ikagoma, na hakuwa na habari kuna vita.

Huku kwetu mambo iko fragile zaidi, juu plagini za M-Pesa si zote ziko na kampuni nyuma. Ingine ni ya msee mmoja aliyeiandika usiku akitoka job. Cheki vile STK push hufanya kazi: duka linatuma ombi Safaricom, simu ya mteja inaitisha PIN, halafu Safaricom inatuma jibu kwa anwani fulani ya duka lako. Plagini mbovu inaamini jibu lolote linalofika hapo. Mjanja akiijua hiyo anwani, anatuma jibu feki la "imelipwa", oda inageuka kijani, na boda anatoka na mzigo wako. Plagini fiti inarudi kuuliza Daraja kama hiyo malipo ni ya ukweli na kama kiasi kinalingana na oda, ndiyo iachilie.

So kabla umlipe fundi, muulize hivyo tu: jibu la malipo linathibitishwa aje? Akianza kuzungusha, tafuta mwingine. Fungua ukurasa wa plagini kwa WordPress.org uone iliapdetiwa lini mara ya mwisho. Ukipata onyo kwamba haijajaribiwa na matoleo makubwa matatu ya karibuni, hiyo ni rada mbaya. Jina la tovuti liandikishwe kwako, si kwa fundi, na nywila ya msimamizi uwe nayo. Data ya wateja ikivuja, majina na namba za simu, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haitaenda kumtafuta yule aliyeandika plagini usiku. Wewe ndiye wa kwanza kuulizwa.

Na panga pesa ya matengenezo kila mwezi, hata kama ni kidogo, kama vile unapanga ya rent ya stoo. Ukiwa unatumia plagini ya bure ya huyo msee wa usiku na iko na kitufe cha kuchangia, mtumie kitu. Yeye akichoka, Safaricom ikibadilisha kitu kwa Daraja, hakuna namba ya huduma kwa wateja utapiga.