Maneno Madogo ya Kiingereza

Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Kiingereza nacho kina miiba yake midogo, nayo ni maneno yaitwayo vihusishi: "at", "to", "in", "on", "from", "for", "with" na ndugu zao. Aghalabu huwa na herufi mbili, tatu au nne tu. Hayasikiki sana yanaposemwa, na mwanafunzi mwenye haraka huyaokota kama mtu aokotavyo kuni gizani. Hata hivyo ndiyo yanayoeleza kitu kipo wapi, kimetoka wapi, kinakwenda kwa nani, na kwa nia gani. Nakuomba, msomaji mpendwa, uyatumie kwa usahihi; tena nakuonya juu ya watu wa namna mbili watakaokuzuia usifike huko.

Watu wa namna ya kwanza husema kwamba maana ikieleweka yatosha. Hao nitawajibu kwa kisa nilichokishuhudia.

Katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi, kwenye shule moja ya bweni, mvulana wa kidato cha pili aliombwa na mwenzake amrushie kufuli la sanduku. Akamtupia. Mwenzake hakuwahi kulidaka, likampasua juu ya jicho. Mvulana akaamriwa aandike maelezo, na maelezo yawe kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili angaliandika, "Nilimtupia kufuli," na kila msomaji angaliuliza: ulimtupia alidake, au ulimtupia limpige? Yeye aliandika, "I threw the padlock at him." Kwa Kiingereza sentensi hiyo haiachi swali. Kumtupia mtu kitu akipokee ni "to him". Kumfanya mtu shabaha ni "at him". Maelezo yakasomwa kama ungamo, na mvulana akafukuzwa shuleni kwa majuma mawili.

Mimi ndimi niliyekuwa mwalimu wake wa Kiingereza. Niliulizwa kama sentensi ile ina kosa, nikaitazama, nikajibu kwa fahari kwamba haina hata moja. Kwa sarufi nilisema kweli. Kwa haki nilisema uongo. Mvulana aliporudi alikuja mezani pangu kuniuliza ni neno gani alilopaswa kuandika. Nikamwambia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, hilo hukutufundisha." Sikuwa na jibu, kwa kuwa sikuwa nimewafundisha.

Watu wa namna ya pili ni wakali zaidi. Wao hukiri kwamba makosa haya ni mabaya, lakini lawama yote huitupia lugha yetu. Husema Kiswahili ni maskini wa vihusishi, na kwamba mtoto akikisema huharibikiwa na Kiingereza chake. Dawa yao ni kukipiga marufuku.

Na tuutazame huo umaskini. Kiswahili hakikukosa kazi ya vihusishi. Kiliigawa kwa wafanyakazi wengine. Twasema "anakaa mjini", "anakwenda mjini", "anatoka mjini". Neno "mjini" halibadiliki, kwa maana kitenzi kimekwisha kubeba mzigo. Mwingereza lazima abadilishe neno dogo kila mara: "in", kisha "to", kisha "from". Twasema "alihama Nakuru" na "alihamia Nakuru". Herufi moja tu, nayo imegeuza safari nzima, kwani wa kwanza ametoka Nakuru na wa pili ameingia. Tuna pia "nyumbani pangu", "nyumbani kwangu" na "nyumbani mwangu", ambapo tunatenga mahali panapojulikana, mahali kwa jumla, na mahali pa ndani. Je, huo ni umaskini? Ni utajiri uliowekwa katika sanduku jingine.

Basi makosa huzaliwa pale mtu anapofungua sanduku la lugha moja kwa ufunguo wa lugha ya pili. Mvulana wangu alikuwa na kitenzi kimoja, "tupia", kinachomtosha mbwa anayetupiwa mfupa na mbwa anayetupiwa jiwe. Kiingereza kinawatenga mbwa hao wawili. Vivyo hivyo "na" yetu katika "ameolewa na" humfanya mwanafunzi aandike "married with", hali Mwingereza husema "married to". Nasi tunapojadiliana "kuhusu" jambo, mwanafunzi huandika "discuss about", hali kitenzi hicho cha Kiingereza hakitaki mwenzi yeyote.

Kosa hili si la Mwafrika peke yake. Walowezi waliokuja nchini mwetu walivuruga Kiswahili kwa njia iyo hiyo, wakaacha nyuma lugha iliyoitwa Kisetla. Mtu wa namna hiyo badala ya kusema "niletee chai" husema "lete chai kwa mimi", kwa sababu amezoea uhusiano uwe neno la peke yake. Hakuna aliyewavika walowezi kibao shingoni, wala aliyewakataza Kiingereza ili wapate Kiswahili. Waliotaka kujua waliandikiwa vitabu: mwaka 1944 E. O. Ashton alitoa sarufi kubwa ya Kiswahili iliyoeleza "pa", "ku" na "mu" kwa lugha ya Kiingereza, hatua kwa hatua. Mgeni alifunzwa lugha yetu kwa kupitia lugha yake. Kwa nini mtoto wetu anyimwe njia hiyo?

Mimi nilikivaa kibao hicho katika shule ya msingi, kwa kosa la kusema Kiswahili uwanjani. Kilinifundisha kunyamaza, hakikunifundisha tofauti ya "to" na "at". Lugha ambayo Katiba yetu ya mwaka 2010 inaiita lugha ya taifa, na lugha rasmi pamoja na Kiingereza, haiwezi kuwa hatia ya mtoto. Anayemkataza mwanafunzi kulinganisha lugha mbili hamwondolei kosa. Anamfumba macho asilione.

Ewe mwanafunzi, fanya hivi. Ujifunzapo kitenzi cha Kiingereza, kijifunze pamoja na mwenzi wake, au pamoja na upweke wake. Kila uandikapo neno dogo, jiulize ungalisemaje kwa Kiswahili, kisha uliza Kiingereza kinatenga nini ambacho sisi tumekiunganisha. Yako mambo yasiyo na sababu ya kukusaidia: "on Monday", "in March", "at night", "in the morning". Hayo yashike kwa moyo, kama Mwingereza anavyolazimika kushika ngeli zetu.

Nawe mwalimu mwenzangu, usiridhike na sentensi isiyo na kosa. Muulize mtoto alikusudia kusema nini, na umwache akujibu kwa lugha anayoijua. Laiti ningaliuliza swali hilo siku ile, mvulana mmoja asingalilipa majuma mawili kwa neno la herufi mbili.