Nyongeza ya bima bila msingi haimlindi mfanyabiashara

Likizo iliyopita nilivuka Kagitumba na Mirama Hills kwenda Kabingo kumsalimu dada yangu. Sisi wengine tuliporudi Rwanda baada ya 1994, yeye alikwisha kuolewa huko na akabaki na migomba yake. Mimi nilizaliwa upande huo. Wazazi wangu walisukumwa kuingia kambi ya Nakivale katika fukuzafukuza ya 1982, nikaanza darasa la kwanza humo, na sekondari nikaimalizia Mbarara. Leo nafundisha hesabu Nyagatare.

Safari hii nilikuta nusu ya shamba la dada imezungushiwa seng'enge. Nusu hiyo si yake tena. Iliuzwa kulipa deni la ajali, na deni lenyewe lilikuja kwa sababu ya karatasi ya bima ambayo shemeji aliinunua kwa pesa taslimu akiamini inamlinda.

Shemeji ana lori dogo la kubeba matoke na maharage. Mwaka 2017 dereva wake, akitoka Nakivale jioni, aligonga bodaboda iliyokuwa imebeba mama mmoja mkimbizi aliyekuwa akitoka sokoni. Mwendesha pikipiki alipona kwa michubuko. Yule mama alikatwa mguu chini ya goti. Shemeji hakuwepo hata kwenye gari, lakini dereva alikuwa kazini kwake, na mbele ya sheria kosa la dereva aliye kazini humfuata mwenye gari. Baada ya vikao vya wazee na wakili wa pande zote mbili, walikubaliana shilingi milioni 18 za Uganda, ili shauri lisiende mahakamani.

Bima ya thadi pati, ile yenye stika kwenye kioo, ilitoa milioni moja. Watu wengi hushangaa wakisikia hivyo, na mimi nilishangaa. Lakini ndivyo Sheria ya Uganda ya 1989 ya bima ya magari ilivyoweka: shilingi milioni moja kwa kila mtu aliyeumia au kufa, na milioni kumi kwa ajali nzima. Milioni moja ya leo haifiki dola 300 za Kimarekani. Ni bei ya mbuzi wachache, nayo ndiyo iliyowekewa mguu wa mama mwenye watoto.

Shemeji hakuogopa, kwa sababu alikuwa na karatasi ya pili. Wakala wa kampuni nyingine, ambayo sitaitaja, alikuwa amemuuzia "nyongeza ya dhima" ya milioni 50. Alipoipeleka, aliambiwa kwa upole kwamba nyongeza hiyo huanza kulipa pale tu madai yanapopita milioni 20, kwa kuwa imeandikwa juu ya bima ya msingi yenye kikomo cha milioni 20. Bima ya msingi ya namna hiyo yeye hakuwa nayo. Alikuwa na stika tu. Kwa hiyo milioni ya kwanza ililipwa na stika, kuanzia milioni 20 kwenda juu kuna kampuni ingelipa, na katikati yake hapakuwa na mtu ila yeye na migomba ya dada yangu. Madai ya milioni 18 yaliangukia katikati.

Mwanafunzi wangu wa darasa la tano angeweza kuliona pengo hilo kama angechorewa mstari ubaoni. Shemeji hakuchorewa. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, kurasa nne, na wakala alikuwa na haraka ya kuwahi basi la Mbarara.

Nilimweleza kisa hiki jirani yetu wa zamani wa Nakivale, Mkongomani kutoka Kivu ambaye alipelekwa Marekani na familia yake. Akacheka kwa uchungu, akasema huko bima ya namna hiyo huitwa mwavuli, na watu wa kawaida wenye gari na nyumba huinunua. Mwavuli wa dola milioni moja hukaa juu ya bima ya gari na ya nyumba. Lakini kabla hawajakuuzia wanakudai kwanza bima ya gari yenye kikomo kikubwa, kwa kawaida dola 250,000 kwa mtu mmoja, na ya nyumba dola 300,000. Ukiishusha ile ya chini ili upunguze ada, au ukiiacha ikaisha, mwavuli haushuki kukufuata. Pengo ni lako. Tena mwavuli wa nyumbani haugusi biashara: ukigonga mtu ukiwa kazini na mzigo wa watu, hiyo ni habari nyingine.

Yeye alinunua mwavuli wake kwa kampuni tofauti na ile ya gari. Kampuni ya gari ilitaka ahamishie kila kitu kwao ndipo wamuuzie, naye alipiga hesabu akaona punguzo wanaloahidi linamezwa na ada ya nyumba. Je, alikosea? Sidhani, na hapa ndipo ninapotofautiana na mawakala wanaosema kila kitu lazima kiwe ofisi moja. Hayo ni maneno ya muuzaji. Lakini ofisi moja ina faida moja ya kweli: ikishusha kikomo cha chini, yenyewe inaona kwamba cha juu kimebaki hewani. Ukigawa ofisi mbili, mlinzi wa pale zinapoungana ni wewe peke yako. Unalinganisha tarehe za kuanza na kuisha, unalinganisha vikomo, na siku ya ajali unatoa taarifa kwa wote wawili, hata kama unadhani madai ni madogo. Jirani yangu kila anapohuisha bima moja hupeleka nakala kwa kampuni ya pili na kudai jibu la maandishi.

Sisi wa mpakani tuna karatasi nyingine inayotuchanganya, nayo ni Kadi ya Njano ya COMESA. (Si ile ya chanjo ya homa ya manjano. Nimeona mtu akitoa ya chanjo kwa askari wa barabarani, na askari akaisoma yote kwa makini.) Mpango huo ulianzishwa kwa mkataba wa 1986, wakati jumuiya hiyo ingali inaitwa PTA, na Tanzania imebaki ndani ya mpango ingawa ilijitoa COMESA mwaka 2000. Kadi hiyo ni njema sana. Inakuwezesha kuvuka bila kununua bima mpya kila mpaka. Lakini haina maisha yake yenyewe: inakaa juu ya bima ya nyumbani, na inamlipa uliyemgonga kwa kiwango ambacho sheria ya nchi uliyomo inakulazimisha kuwa nacho. Ukiwa Kenya, ambako kikomo cha sheria ni shilingi milioni tatu za huko kwa mtu mmoja, ni hesabu moja. Ukiwa Uganda, ni ile milioni moja niliyoisema. Kadi ni ileile mkononi, ila thamani yake inabadilika ukivuka daraja. Gari lako mwenyewe likivunjika, kadi hailitengenezi.

Na sisi tunaovuka kati ya Rwanda na Uganda tunabadilisha hata upande wa barabara, kulia kwenda kushoto. Dereva aliyechoka, saa kumi na moja alfajiri, akitoka kizuizini, anahitaji kusahau mara moja tu.

Kwa mtazamo wangu basi, kampuni za bima zinazofungua ofisi Mbarara na miji ya mipakani zinatuuzia paa la Kampala. Mfanyabiashara wa lori moja mara nyingi hana bima kubwa, kwa sababu lori lake la mwaka 1996 wanalikataa au wanalitoza ada asiyoiweza. Ana stika. Nyongeza anayoihitaji ni ile inayoanzia pale stika inapoishia, yaani baada ya milioni moja, hata kama inafika milioni 30 tu na haendi zaidi. Waiuze peke yake, bila kumlazimisha kuhamisha bima nyingine, na waiuze kwa mwezi au kwa msimu wa maharage kama ikibidi. Ada itakuwa juu, kwa kuwa hasara ndogo ndizo nyingi. Hilo naelewa, na shemeji naye anaelewa. Angelipa.

Na wabunge wa Uganda waiangalie upya ile milioni moja. Nasema hivyo nikijua ada ya stika itapanda na wenye bodaboda watalia. Lakini katika kisa hiki chote wa kuhurumiwa kwanza si shemeji yangu. Yule mama alilipwa kwa mafungu, miaka mitatu, kila fungu likingoja sehemu ya shamba ipate mnunuzi. Mkimbizi hana ndugu wa kumsukumia shauri wala risiti ya kuonyesha alikuwa akipata kiasi gani kwa siku sokoni. Kama shemeji asingekuwa na migomba, angebaki na milioni moja na gongo.

Shemeji amepata lori jingine, la mkopo. Jumamosi tulikaa na daftari tukachora mstari: stika inaishia hapa, nyongeza inaanzia wapi? Tuliandika swali hilo kwa Kiingereza, sentensi moja, akalipeleka kwa ofisi mbili za Mbarara akitaka jibu lenye muhuri. Ofisi moja ilimwambia arudi. Nyingine ilimwambia asiwe na wasiwasi. Nilipopanda gari kurudi kazini, lori lilikuwa bado limeegeshwa chini ya mwembe.