Chokaa Haifuti Ukweli

Wapo watu wasemao kwamba picha ni pambo tu, kazi yake ni kufurahisha macho ya walioshiba. Kama ndivyo, mbona wakubwa huziogopa? Hakuna mtu aogopaye pambo. Wenye fikira hizo na wasikilize habari za ukuta mmoja ulioko Los Angeles, Marekani.

Mwaka 1932 David Alfaro Siqueiros, mchoraji wa Mexico aliyepigana katika mapinduzi ya nchi yake, alipewa kazi ya kuchora picha katika Olvera Street. Mtaa huo ulikuwa umetengenezwa ili watalii wauziwe Mexico ya ngoma na kofia pana. Waliompa kazi walitazamia nchi ya joto yenye miti mizuri, ndege wa rangi na watu wanaocheka. Siqueiros akapiga rangi juu ya saruji kwa bomba la kupulizia, ukuta wa futi 18 kwa 80 hivi, wa ghorofa ya pili.

Picha ilipofunuliwa tarehe 9 Oktoba, watu walipigwa na bumbuazi. Katikati yupo mwenyeji wa asili wa Amerika, amesulubiwa msalabani, na juu yake ametua tai, ndege wa nembo ya Marekani. Nyuma yake limesimama hekalu la kale lililomezwa na msitu. Pembeni wapiganaji wawili wenye bunduki wanamlenga yule tai. Kumbukeni kwamba miaka hiyohiyo ya dhiki, Wamexico kwa maelfu walikuwa wakipakiwa katika magari moshi na kurudishwa kwao.

Je, wakubwa walijibu hoja? La! Walileta chokaa. Kwanza walipaka sehemu iliyoonekana kutoka mtaani, na baada ya miaka michache ukuta mzima ukawa mweupe. Mchoraji mwenyewe alinyimwa ruhusa ya kuendelea kukaa nchini.

Lakini jua na mvua havipokei amri ya mtu. Chokaa ilibanduka, na mwishoni mwa miaka ya 1960 picha ikaanza kuchungulia. Nani waliipigia kelele? Ni watu wenye asili ya Mexico waishio Marekani, waliokuwa wakidai haki zao, pamoja na wasomi waliowaunga mkono. Mwaka 1971 wataalamu wawili walivuka mpaka kutoka Mexico kuja kuukagua ukuta. Siqueiros, mzee sasa, aliahidi kuichora upya sehemu ya katikati, lakini alifariki Januari 1974 kabla ya kutimiza ahadi. Mwaka 1988 taasisi ya Getty ilijiunga na kazi hiyo, ikishirikiana na serikali ya mji. Tarehe 9 Oktoba 2012, miaka 80 kamili tangu siku ile, wananchi walifunguliwa mlango. Gharama zilikaribia dola milioni 10.

Sasa wapo watuambiao: mshukuruni tajiri aliyetoa fedha. Twamshukuru, lakini tusigeuze habari. Wanyonge walikumbuka kwanza, fedha ikafuata. Kama wangenyamaza, tajiri angeokoa nini?

Wapo na wengine wapigao kelele kwamba mgeni asiguse kitu cha utamaduni. Hao nao wamepotea. Picha hii ilichorwa na mgeni, ikakaguliwa na wageni, ikaokolewa kwa ushirikiano. Swali si mgeni au mwenyeji. Swali ni heshima. Mafundi waliisafisha picha na kuishikiza lipu isianguke, lakini hawakupaka rangi mpya mahali ilipopotea. Hawakutaka kusema kwa mkono wao maneno ambayo Siqueiros hakuyasema. Picha imefifia, ndiyo, lakini kufifia kwake ni ushahidi wa dhuluma iliyotendwa. Msaada wa namna hiyo twaukaribisha. Msaada unaokuja na burashi ya kutupaka upya kama apendavyo mtoaji, huo ni chokaa ya pili.

Basi, ndugu mwanachama, usingoje mtaalamu aje akuambie nini ni chako. Waulize wazee wa mji wako: ni ukuta gani umepakwa chokaa hapa, na nani aliyeipaka? Ukishajua, sema hadharani. Hapo ndipo mgeni akija atakukuta mwenye nyumba, si mtumishi wake. Mkataa kwao ni mtumwa.

Uhuru na Umoja!