Sola ya perovskaiti ni moto maabarani, lakini juu ya mabati je?

BILA shaka umeziona zile video: sola nyembamba kama karatasi, inakunjwa kama gazeti, na mtu anakuapia kwamba paneli ya silikoni iliyo juu ya paa lenu imepitwa na wakati. Kabla hujaanza kuweka akiba, tulia kidogo.

Sola hizo ni za perovskaiti. Mwaka 2009, Mjapani Tsutomu Miyasaka na wenzake waliripoti seli iliyogeuza asilimia 3.8 tu ya mwanga kuwa stima. Leo zile bora za maabara zimepita asilimia 26, zinapumulia silikoni kisogoni. Basi mbona hazijajaa madukani?

Tatizo moja kubwa liko kwenye tabaka ambalo hakuna anayelitangaza. Mwanga ukipiga perovskaiti, elektroni hung'oka na kuacha pengo. Fikiria matatu iliyojaa: abiria wa mbele akishuka, wa nyuma anasonga kwenye kiti chake, na kile kiti kitupu kinaonekana kama kinarudi nyuma. Pengo husafiri vivyo hivyo. Sasa elektroni lazima itoke upande mmoja na pengo upande wa pili. Vikikutana njiani, stima hiyo imeenda. Kwa hivyo kunawekwa tabaka la kupitisha mapengo, kondakta anayeruhusu pengo lishuke na kuzuia elektroni mlangoni.

Tangu 2012, kondakta maarufu amekuwa spiro-OMeTAD. Ni ghali. Tena peke yake ni mvivu, hivyo huongezewa chumvi ya lithiamu, na hapo ndipo kisanga huanza. Chumvi hiyo hunyonya unyevu kama ile ya jikoni msimu wa mvua, nayo perovskaiti na maji haviivi chungu kimoja. Joto likizidi, lithiamu inaanza kuhamahama ndani ya seli. Mombasa ni unyevu, Lodwar ni joto. Na mabati ya saa saba mchana unayajua.

Mbadala upo. Mwaka 2017 watafiti wa EPFL, Uswisi, walitumia thayosayaneti ya shaba, ambayo ni bei rahisi. Seli zao zilibakisha zaidi ya asilimia 95 ya uwezo wake baada ya saa 1,000 za mwanga, kwenye nyuzi 60. Wenzao wa Kaunas, Lithuania, na Berlin wanatumia molekuli zinazojipanga zenyewe, unene wa molekuli moja tu, bila chumvi ya lithiamu. Mimi dau langu ningeliweka hapo.

Lakini piga hesabu. Kwa saa sita za jua kali kwa siku, saa 1,000 haziishi hata nusu mwaka. Paneli nyingi za silikoni huuzwa na dhamana ya miaka 25 au zaidi, na wengi wetu tunalipia sola pole pole. Nani anataka kulipia kitu kilichokufa?

Sisemi hazitakuja. Mwaka 2024 Oxford PV ilianza kuuza Marekani paneli za perovskaiti iliyolazwa juu ya silikoni. Zikifika hapa, muulize muuzaji: imepimwa saa ngapi, kwenye joto gani, na dhamana iko wapi kwa maandishi? Akianza kukuonyesha video, rudisha pesa mfukoni.