Paneli za Jua Vyomboni: Maelezo ya Kiswahili Yako Wapi?

Matumizi ya nishati ya jua katika vyombo vya baharini si ndoto tena. Mnamo Mei 2012, chombo kiitwacho Tûranor PlanetSolar kilirejea Monaco baada ya kuizunguka dunia nzima kwa nguvu za jua, safari iliyoanza Septemba 2010. Kilibeba paneli zenye eneo lipitalo mita mraba 500. Mvuvi wa Lamu, Shimoni au Vanga hahitaji makuu hayo. Yeye atosheka na paneli moja ya kuwasha taa, kuendesha redio na kutia simu chaji. Hata hivyo, aghalabu huinunua na kuifunga kwa kubahatisha, kwa kuwa maelezo yaliyomo kwenye kasha yameandikwa kwa Kiingereza au Kichina.

Hili si jambo dogo. Taa zikizimika usiku wa manane, mashua haionekani na meli zipitazo. Simu na redio zikinyamaza, hapana njia ya kuita msaada. Dai langu ni kwamba ujuzi wa kuchagua na kufunga paneli chomboni waweza kuelezwa wote kwa Kiswahili, na kwamba wajibu wa kuueleza ni wetu sisi walimu na wanafunzi.

Tuanze na kuchagua. Wengi huuliza kwanza bei, ilhali swali la kwanza ni hili: chombo kitatumia umeme kiasi gani kwa siku? Tuchukue mashua yenye taa mbili za wati 5 kila moja, ziwakazo kwa saa 11. Hizo ni wati-saa 110. Redio ikila wati 5 kwa saa 12, tunaongeza 60. Simu tatu, kila moja wati-saa 15, ni 45. Jumla ni 215. Huku kwetu karibu na ikweta, siku njema humpa mtu jua kali linalolingana na saa 5 hivi. Paneli ya wati 50 basi ingetoa wati-saa 250. Lakini joto, chumvi, kivuli na upotevu wa betri vikila thuluthi moja, zitabaki 167 tu. Hazitoshi. Paneli ya wati 100 itabakisha 330 na ushei, nayo itafaa hata siku yenye mawingu kiasi. Apigaye hesabu kwa jua la kaskazi ataumbuka wakati wa masika.

Betri nayo ina hesabu yake. Wati-saa 215 zikigawanywa kwa volti 12 ni ampea-saa 18. Kwa akiba ya siku mbili ni 36. Betri ya risasi haifai kutumiwa zaidi ya nusu ya uwezo wake, kwa hivyo yatakiwa ya ampea-saa 72 au zaidi. Baina ya paneli na betri sharti pawe na kidhibiti chaji, na karibu na betri pawe na fyuzi.

Katika kufunga, baharia humpita fundi wa bara. Seli za paneli zimeungwa mfululizo, mithili ya watu wanaopitishiana ndoo: mmoja akikwama, wote hukwama. Kivuli chembamba cha mlingoti au foromali kikiangukia seli chache, umeme hupungua sana. Ni nahodha ajuaye tanga hutupa kivuli wapi chombo kiendapo joshi, na wapi kigeukapo. Ndiyo maana mahali pafaapo aghalabu ni juu ya shetri.

Aidha, omo huelekea kila upande, na jua letu la adhuhuri hupita karibu na utosi. Paneli basi ilazwe karibu sawasawa, iachiwe mwinamo mdogo ili mvua ioshe chumvi. Chini yake pawe na nafasi ya kupitisha upepo, kwa sababu paneli ya silikoni hupoteza takriban asilimia 0.4 ya nguvu zake kwa kila nyuzi moja ya joto ipitayo 25. Fremu iwe imara, kwani paneli iliyoinuliwa ni tanga la pili mbele ya upepo wa kusi. Tena bolti za chuma kisichoshika kutu zisigusane na fremu ya alumini. Zitengwe kwa mpira au plastiki, la sivyo maji ya chumvi yataifanya alumini iliwe.

Msomaji ataona kwamba hatukukwama popote kwa kukosa neno. Nahodha na nanga ni maneno yaliyotoka Uajemi, na boti ni la Kiingereza. Wazee wetu walipopokea kitu kipya walipokea na jina lake, wakalitumia mpaka likawa lao. Wati, volti na ampea zimo katika njia iyo hiyo. Wanaodai kwamba Kiswahili hakina msamiati wa sayansi wamepotoka. Msamiati upo; kilichokosekana ni maelezo.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazomwezesha kunufaika kikamilifu na bidhaa. Kwa mvuvi asiyesoma Kiingereza, haki hiyo ni ya karatasini tu.

Kwa hivyo walimu wa fizikia na wa Kiswahili katika shule za pwani washirikiane. Wanafunzi waende bandarini, wapime, wahesabu, wamsikilize nahodha, kisha waandike mwongozo wa ukurasa mmoja. Pana watakaosema kwamba mtihani wa fizikia ni wa Kiingereza na muda hautoshi. Nawajibu kwamba mwanafunzi awezaye kumweleza mvuvi kwa nini paneli ya wati 50 haitoshi ameielewa fizikia yenyewe, wala hatababaishwa na lugha ya mtihani. Na mvuvi atakuwa na taa hadi alfajiri.