Ajali Ina Kinga

Kama kuna methali moja ningependa ipumzishwe kidogo, ni "ajali haina kinga." Najua ni ya wazee na ina heshima yake. Pengine walioitunga walikuwa wakifikiria nazi iliyomwangukia mpita njia, au nyoka aliyejificha kwenye kuni. Hapo sina neno. Lakini sisi tumeichukua tukaipeleka barabara kuu na kuipa kazi isiyo yake. Lori limeachwa gizani katikati ya leni bila taa: ajali haina kinga. Dereva wa basi anapita magari matano kwenye kona: ajali haina kinga. Breki hazijaangaliwa tangu Krismasi: ajali haina kinga. Mtu akishaitamka, mazungumzo yamekwisha. Watu wanatikisa vichwa na kuendelea na chai.

Methali hii hutembea na ndugu zake. "Kazi ya Mungu haina makosa." "Gari ni chuma tu." Na ile kubwa yao, "wewe shukuru uko hai." Mwaka jana nilizisikia zote kwa wiki sita mfululizo, nikiwa nimelala kwa mama na mbavu tatu zilizovunjika na mkono umefungwa shingoni. Walioniambia hayo walikuja na maziwa, mkate na ndizi. Ni watu wazuri. Sigombani nao. Nagombana na maneno, kwa sababu nimeona kazi yanayofanya.

Kwa kifupi, mambo yalikuwa hivi. Nilikuwa natoka Nakuru kuja Nairobi, jioni, giza ndiyo linaingia. Nilishapita Naivasha na nilikuwa napanda mlima kuelekea Kinungi kwa kilomita 50 kwa saa, maana Peugeot 504 ya zamani haina haraka mlimani. Nilipomaliza kona, nikakuta lori limekwama kwenye leni yangu. Halikuwa na taa. Halikuwa na laifseva. Hata yale matawi ya kienyeji yalikuwa yamewekwa hatua chache tu nyuma ya gurudumu, yaani ukiyaona matawi umeshaliona lori. Upande wa kulia basi lilikuwa linashuka. Nikakata kushoto, gurudumu likaingia mtaroni, gari likabiringika.

Polisi walipofika, lori lilikuwa limeshapata fundi na kuondoka. Hakuna aliyeandika nambari yake. Kwenye kitabu cha matukio mimi ndiye niliyeandikwa: dereva alishindwa kulidhibiti gari. Basi. Sentensi nzima ina dereva mmoja na gari moja. Ukiisoma bila kujua lolote, utadhani nilikuwa peke yangu mlimani nikicheza.

Tangu siku hiyo nimeanza kusikiliza sarufi ya ajali za Kenya, na manze, ni sarufi ya ajabu. Gari "lilipoteza mwelekeo." Breki "zilikataa." Barabara "imemeza" watu saba. Ukisikiliza taarifa ya habari utafikiri magari yetu yana akili na lami yetu ina meno. Mwenye lori hatajwi. Aliyelipakia kupita kiasi hatajwi. Aliyepitisha breki hizo kwenye ukaguzi hatajwi. Tuna vitenzi vingi vya kusema kitu kimetokea bila mtu kukifanya, na tunavitumia kama mavazi ya matanga.

Na watu wanakufa kweli. Zaidi ya 4,000 kila mwaka katika miaka hii ya karibuni, kwa hesabu za serikali yenyewe. Hiyo ni zaidi ya watu kumi kila siku unayoamka. Ugonjwa ungeua hivyo tungeuliza umetoka wapi, unaenezwa na nani, chanjo iko wapi. Ya barabarani tunasema ilikuwa siku yake.

Kinga ipo. Chukua Salgaa. Kipande kile cha barabara kinachopitia Sachangwan na Migaa kilizika watu wengi mpaka jina lenyewe likageuka tishio. Januari 2009 lori la mafuta lilianguka Sachangwan, watu wakaenda kuchota petroli, moto ukalipuka na zaidi ya watu 100 wakafa. Desemba 31, 2017, basi na lori viligongana ana kwa ana pale Migaa, watu 36 wakafa wakati wenzao wakijiandaa kuukaribisha mwaka mpya. Muda wote huo hadithi hazikuisha: eti kuna majini, eti kuna damu ya zamani, eti barabara inataka kafara. Halafu ukawekwa ukuta wa zege katikati, wanaopanda wakae huku, wanaoshuka wakae kule. Magari yakapunguza kugongana ana kwa ana. Inaonekana majini ya Salgaa yalikuwa yanaogopa simiti.

Chukua pia sheria za Michuki. Februari 2004, matatu zililazimishwa kuwa na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa na mkanda kwa kila abiria. Wenye matatu waligoma, watu wakaenda kazini kwa miguu, waziri John Michuki akatukanwa kila kona. Na kwa muda vifo vilipungua, mpaka usimamizi ulipolegea na mikanda ikawa mapambo machafu ya kufuta viatu. Hakuna muujiza hapo. Mtu aliamua, wengine wakafuata, maisha yakaokolewa. Kisha watu wakaacha kufuata.

Hata kupona kwangu kuna maelezo. Nikiwa bado natengeneza lile gari, pesa zilikuwa za kitu kimoja tu mwezi ule: rangi au mikanda mipya. Mimi nilitaka rangi. Fundi wangu, mzee aliyeanza kazi hiyo kabla sijazaliwa, alifunga boneti akaniangalia. "Kijana, rangi haitakushika." Tukaweka mikanda. Gari lilipobiringika, ule mkanda ndio ulionishika. Vijana wa boda ndio walionitoa dirishani. Mama mmoja anayeuza viazi kando ya barabara alinifunga mkono kwa leso yake na akakataa kuichukua tena. Nikishukuru, nashukuru nikijua nani alifanya nini. Anayetaka kumshukuru Mungu kupitia hao wote, ruksa, hata mama yangu anafanya hivyo kila asubuhi. Ninachokataa ni shukrani inayokuja kama kifuniko cha sufuria.

Maana hiyo ndiyo kazi ya "shukuru uko hai." Anayekuambia hivyo anakupa kitu cha kushika ili usiinue kidole. Ukiuliza lori lilikuwa la nani, unaonekana huna shukrani. Ukiuliza mara ya pili, unaonekana umechanganyikiwa na ile ajali. Ukilia kwa sababu ya gari, basi wewe umepotoka kabisa, kwani gari ni chuma tu.

Sasa tuongee kuhusu hicho chuma. Peugeot 504 ilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1968, na baadaye ikawa inaunganishwa hapa kwetu Mombasa. Ilishinda Safari Rally mwaka 1975 mikononi mwa Ove Andersson, na tena mwaka 1978 mikononi mwa Jean-Pierre Nicolas. Zile ndefu zenye safu tatu za viti zilikuwa matatu za safari za mbali. Muulize mzazi yeyote aliyepanda kwenda Kisumu miaka ya themanini, atakueleza alivyobanwa na jinsi gari lilivyokimbia. Wazee wanaiita Pijo, na wanapoitaja sauti hubadilika kidogo.

Yangu niliipata Njoro, nyuma ya boma la mtu, kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma. Ulikuwa mwaka uleule nilioacha chuo. Kwa miaka mitatu, kila shilingi ya makala iliyobaki baada ya kulipa kodi ya nyumba ilienda Kirinyaga Road kutafuta spea: kabureta, bushi, mpira wa mlango, taa ya nyuma iliyochukua miezi minane kupatikana. Nilijifunza kusikia injini ikiwa na njaa. Nilijifunza kwamba boti iliyokaza kwa kutu haitaki nguvu, inataka mafuta na subira ya usiku mmoja. Siku lilipowaka na kutoka kwenye geti kwa nguvu zake lenyewe, ndicho kilikuwa kitu cha kwanza katika maisha yangu ya utu uzima ambacho nilikianza na kukimaliza.

Chuma, ndiyo. Jembe la nyanya yako pia ni chuma. Pete ya ndoa ni chuma. Cherehani iliyowasomesha nyinyi watano ni chuma. Hakuna anayeingia nyumbani kwa mtu aliyeibiwa cherehani akamwambia ashukuru kwa sababu vidole vyake vipo. Na kama kweli gari ni chuma tu, mbona betri, redio na magurudumu mawili vilikuwa vimeondoka kabla brekidauni haijafika? Usiku ule kulikuwa na watu pale mlimani waliojua thamani ya chuma kuliko wote waliokuja kunifariji.

Bima nayo ina lugha yake. Kampuni niliyoiendea mwanzoni ilikuwa imeniambia gari la umri huo halipewi bima kubwa; nichukue ile ya lazima ya kulipia wengine nikiwaumiza, niende zangu. Kwa hiyo siku ya ajali lile gari kisheria lilikuwa na uwezo wa kudaiwa ila halikuwa na uwezo wa kudai. Thamani yake ilikuwa sifuri. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa na huruma zaidi, alau yeye alipima kwa kilo.

Na hapa ndipo ninapoona siasa ya jambo lenyewe. Hebu fikiria lori lilelile, jioni ileile, lakini aliyebiringika ni mheshimiwa na msafara wake. Unadhani kufikia asubuhi nambari ya lile lori ingekuwa haijulikani? Mwenye lori angekuwa ameshaandika taarifa, dereva ameshalala seli, na kungekuwa na kikao na wanahabari kando ya ule mtaro. Hakuna ambaye angemwambia mheshimiwa kwamba ajali haina kinga. Methali hiyo ni ya kwetu sisi. Wakubwa wana uchunguzi, wadogo tuna methali.

Najua yatakayosemwa. La kwanza: gari lenyewe lilikuwa kuukuu, halina mifuko ya hewa, ulitarajia nini? Nilitarajia barabara isiyo na lori limelala gizani. Gari jipya kabisa kutoka duka la vioo lingekuta lori lilelile kwenye kona ileile. Breki zangu zilikuwa mpya, taa zangu ziliwaka, mkanda ulikuwa umefungwa. Gari la miaka arobaini na mitano lilikuwa limetimiza masharti ambayo lori la biashara halikutimiza.

La pili ni zito zaidi: kuna watu wanazika watoto, wewe unalilia Pijo? Ndiyo, na sifananishi. Lakini sikiliza wanachoambiwa wazazi hao. Wanaambiwa kazi ya Mungu haina makosa. Wanaambiwa ilikuwa siku yake. Juni 30, 2023, lori liliparamia wafanyabiashara na magari pale njia panda ya Londiani, zaidi ya watu 50 wakafa, wengine wakiwa wamekaa kwenye biashara zao, hawakuwa hata wanasafiri. Rambirambi zilikuwa zilezile. Maneno yanayomnyamazisha anayelilia gari ndiyo yanayomnyamazisha anayelilia mtoto. Tofauti ni ukubwa wa sauti tu. Jamii iliyozoea kutouliza kuhusu chuma itapata wapi mazoezi ya kuuliza kuhusu mtu?

Ndiyo maana nalia gari langu hadharani. Kulilia kitu kunakulazimisha kukumbuka kilivyokuwa, kilikuwa wapi, nani alikigusa mwisho. Maombolezo ya kweli yana maswali ndani yake.

Ninachotaka si kikubwa. Lori likikwama, laifseva ziwekwe mbali vya kutosha, kwa sababu sheria inazitaka zibebwe na hazikai vizuri kwenye dashibodi. Likisababisha ajali, lipigwe picha na nambari iandikwe kabla fundi hajafika. Anayeandika taarifa ataje kila kilichokuwa barabarani, pamoja na kilichoondoka. Mwandishi wa habari akitaka kusema gari lilipoteza mwelekeo, aulize kwanza nani aliupoteza.

Na sisi tunaobeba maziwa na mkate, tuendelee kuvibeba. Ukienda kumjulia hali aliyetoka ajalini, kaa naye, omba naye kama mnaomba, kula ndizi zako. Kisha muulize nini kilikuwa barabarani na kiliwekwa na nani, na uwe na subira ya kusikiliza jibu lote.